Faragha ya Nyumba Mbili

"Mzigo wako umetoka Kibiti: godoro la inchi nane."

Ujumbe uliingia nikiwa nakuna nazi. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, nikidhani mume wangu Mshamu kanikumbuka. Kisha nikasoma mstari wa chini. Mzigo ulikuwa unakwenda Mbwara, na Mbwara ndiko alikoishi Kijakazi, mke mwenzangu, mdogo kwangu kwa umri na, kwa maoni ya watu ambao hakuna aliyewauliza, mzuri kuliko mimi. Godoro langu lilikuwa la inchi sita, tena limeshabonyea katikati. Nazi ile niliikuna mpaka nikafika kwenye kifuu. Wali wa siku hiyo ulitoka na chembe nyeusi, na Mshamu aliula bila kuuliza.

Ujumbe haukuwa umepotea njia. Kampuni iliyoutuma ndiyo iliyonilipa mshahara. Bosi wangu, Hiren, alikuwa ameligeuza duka la babu yake, mzee Velji, kuwa kampuni ya kuagiza bidhaa kwa simu: unabonyeza, unalipa, bodaboda au boti ya delta inakufikishia. Mzee Velji alizoea kuwajua wateja kwa nyumba zao, nyumba ya Mshamu, nyumba ya Saadi, na mjukuu akauchukua utaratibu ule ule akautia kwenye mtambo. Kila nyumba iliandikwa jina la mwanamume, na namba zote za nyumba hiyo zilipata ujumbe mmoja. Kwa Hiren, mwenye mke mmoja anayekaa naye juu ya duka, hilo lilikuwa jambo la busara. Hakuwaza kwamba huku kwetu nyumba ya mtu mmoja inaweza kuwa Kibiti na Mbwara kwa wakati mmoja.

Mimi nililiwaza, maana dawati la wateja lilikuwa langu. Sikusema. Nani azibe tundu analochungulia mwenyewe? Dini inamtaka mume wa wake wawili afanye uadilifu, na mimi nilitaka kuuona uadilifu wenyewe. Kanga za Kijakazi nilizijua kabla hazijamfikia, na sabuni zake, na taa yake ya sola. Mshamu akiniletea zawadi, nilikuwa nimeshaipima na ya mwenzangu, na mara nyingi nilijikuta nimepunjwa. Wivu uliniuma, lakini nilijua unaniuma wapi.

Ndipo Hiren aliponiita.

"Zaitun, hii sheria ya taarifa binafsi inatubana. Halafu yule mzee wa Mtunda aliyekuja na mikwaruzo usoni, si umemwona? Wake zake wote wawili walipata ujumbe wa manukato ya mmoja. Tunataka sera ya faragha. Hii niliyoitoa mtandaoni hata mimi siielewi. Iandike wewe, kwa Kiswahili cha watu wa Kibiti."

Vifungu vya mwanzo vilikuwa vyepesi: taarifa tunazochukua, namna tunavyozitunza, kwamba hatuziuzi kwa mtu. Cha nne ndicho kilichonitoa jasho. Nani mwingine anaruhusiwa kujua mzigo wa mteja? Niliandika "wanafamilia." Nikafuta. Nikaandika tena. Neno hilo lingeniachia tundu langu, na hakuna ambaye angenishtukia.

Lilikuwa bado kwenye kioo cha kompyuta Kijakazi alipoingia ofisini, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Amekuja kunitambia godoro, nikasema moyoni, na nikakaa sawa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu kiti."

Hakukaa. "Leo nimekuja kama mteja. Naomba meseji za mizigo yako zisinifikie."

"Ya kwangu mimi?"

"Vile viatu vya ngozi. Lile jagi la umeme. Mie kwangu umeme hakuna, dada, nikaletewa birika. Nilimnunia mwanamume wiki nzima, chakula hakishuki. Bora nisijue."

Jagi lenyewe nilikuwa nimeshalisahau kabatini. Kumbe Mbwara kulikuwa na mtu linamnyima usingizi! Furaha iliyonipata sikuificha hata kwa nafsi yangu. Lakini haikukaa. Nyuma yake ukaja wivu mpya, mkali kuliko wa godoro: mwanamke huyu ameweza kuomba asijue, na mimi siwezi. Mdogo, mzuri, na sasa anizidi na moyo? Hilo hapana. Nikafuta "wanafamilia" mbele yake na kuandika, huku nikimsomea kwa sauti: "Taarifa za mteja hazitolewi kwa mtu mwingine yeyote, awe mume, mke au mke mwenza."

"Ahsante, dada."

"Ahsante ya nini? Ni sera."

Mpaka leo imebandikwa ukutani pale dukani, na watu huisoma wakisubiri mizigo. Wanasema imeandikwa na mtu mwenye hekima. Nawaacha waseme.

Hiren alizitenganisha namba za nyumba zote, na dawati langu likabaki kuonyeshwa namba ya mzigo tu. Simu yangu ikanyamaza. Usilolijua ni usiku wa giza, wahenga walisema, lakini hawakusema giza lenyewe lina maduka. Zamani nilimwonea Kijakazi wivu wa kitu kimoja kimoja. Sasa nilimwonea wivu wa kila kilichokuwemo ghalani. Bodaboda ikiondoka kwenda Mbwara, mimi niliipakia kichwani mwangu kabati la vioo, vitenge vya wax, hata friji, na umeme kule hakuna.

Ikaja Idi. Mshamu hakuniletea kitu. Ufuta umeshuka bei, alisema, akala pilau yangu akashika njia ya Mbwara. Kesho yake simu ikaita.

"Idi njema, dada. Hujambo?" Alikuwa Kijakazi. Akanisalimia, akaniuliza habari za mvua, akaniuliza tena habari za mvua. Kisha sauti ikashuka. "Dada, nikuulize kitu. Mwaka huu umeletewa nini?"

Nilikuwa nimevaa gauni la mwaka juzi.

"Mdogo wangu," nikamwambia kwa upole wote niliokuwa nao, "taarifa za mteja hazitolewi."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

Nilimsikia akihema, akikitafuta kile alichodhani nimepewa, akikikuza. Sikukata simu. Nilimwachia akate yeye.