Firigisi ya Kuku Mweupe

Mlango wa shefu Kalala ukifungwa, hakuna wa kuugonga. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya ofisi ile, biro kama tunavyoiita, na desturi ya biro ina nguvu kuliko sheria. Sheria inaandikwa, inasomwa siku ya sikukuu, inasahauliwa. Desturi, hata mfagiaji anaijua.

Kalala alikuwa mkubwa wa idara moja ya Serikali hapa Kamina, kwenye nyumba ya zamani ya matofali isiyo mbali na reli. Umeme ukikataa, na unakataa karibu kila siku, wafanyakazi hufungua milango yao wapate mwanga na hewa. Wote isipokuwa yeye. Ukiona ameita msichana na mlango ukajifunga nyuma yake, unainamisha kichwa kwenye makaratasi, unakohoa kidogo, unangoja. Watu wazima, wenye watoto na diploma zao ukutani! Wanakohoa.

Umba Nathalie ndiye aliyekaa kwenye meza iliyo mbele ya mlango huo. Aliandika barua, alipokea wageni, alichemsha chai. Alikuwa "unité mpya", yaani mtumishi wa Serikali ambaye Serikali yenyewe haijamjua: hana matrikile, ile namba inayomfanya mtu ahesabiwe na alipwe mshahara kama wenzake. Na jina la mtu haliwezi kwenda Kinshasa kutafutiwa namba bila kupita mikononi mwa Kalala. Alilikalia jina la Nathalie miaka na miaka, kama kuku anayelalia yai viza.

Kwanza yalikuwa maneno tu. "Nathalie, weye unazidi kuwa muzuri, utatuua." Anacheka, unacheka na wewe, utafanya nini? Halafu mkono begani. Halafu siku moja ya mvua kabla ya Pasaka akamwita, akafunga mlango, akamshika kiuno na kumbana kwenye kabati la mafaili, akamwambia sikioni kwamba matrikile iko karibu sana, inamtaka tu na yeye asiwe mugumu. Nathalie alipiga kelele. Alitoka mle vifungo viwili vya blauzi vimekatika, na mtu wa kwanza aliyekutana naye koridoni alikuwa mama Sifa wa arshive, chumba cha mafaili ya zamani.

Sifa alikuwa mama mwenye umri, Mwislamu wa zile familia za wafanyabiashara waliotoka Maniema tangu enzi za mababu. Alimvuta ndani, akamfunika mtandio wake mwenyewe, akampa maji. Mlango wa arshive ulikuwa haufungwi hata siku moja. Chini yake palikuwa na tofali, asubuhi mpaka jioni, mvua au jua. Nathalie alikuwa akidhani ni kwa ajili ya joto.

"Unaona hii tofali?" Sifa alimwambia. "Niliiweka tangu mwaka yenye huyu muntu alifika hapa. Minyi pia nilikuwaka muzuri, mutoto yangu."

Nathalie angenyamaza. Wengi walinyamaza, na yeye hakuwa shujaa, alikuwa mtoto wa mjane tu. Lakini wiki iliyofuata Kalala alimletea msichana wa kumfundisha kazi. "Huyu njo atakaa kwa kiti yako. Weye nitakupeleka ku arshive, upumuzike." Msichana mwenyewe ni Salomé! Salomé wa kwaya yao ya parokia, aliyekuwa akishika mkono wa Nathalie kila alipoogopa kuimba peke yake. Alikuja na viatu vipya, anacheka, mama yake alimsindikiza mpaka getini na kumbariki. Nathalie alimwangalia akikaa kwenye kile kiti kujaribu, na moyo wake ukamwuma kweli kweli. Usiku hakulala. Asubuhi akaenda kusema.

Alisema kwa mama Albertine, aliyewekwa na jimbo kusikiliza mambo ya namna hii katika biro za Serikali. Hakuomba Kalala afungwe. Aliomba kitu kimoja tu: Salomé asiwekwe kwenye kiti kile. Albertine alimwambia sheria iko, na kikao kitakuwa Jumatatu baada ya bendera. "Lete shahidi," akasema. "Bila shahidi watanicheka." Sifa akaitwa, na Sifa akakubali. "Nitasema nilichoona. Vifungo, machozi, yote."

Jioni ile Nathalie alimweleza mama yake, mama Mbayo, kila kitu. Mama alisikiliza huku anapepeta unga wa muhogo, hakuuliza swali hata moja. Nathalie alichukulia ule ukimya kuwa uchungu wa mzazi. Ulikuwa uchungu, ndiyo. Lakini ulikuwa pia woga, na woga wa mzazi, jamani, unaweza kukuua huku unakubembeleza.

Jumapili alirudi kutoka misa akakuta kuku sufuriani. Kuku! Nyumba ambayo kuku huonekana Noeli, na hata Noeli si zote. Nyembo, mdogo wa marehemu baba yake, mwenye kuongoza ukoo tangu kaka yake azikwe, alikuwa ameketi uani na shati lake la kola.

"Kuku ya nini, mama?"

"Baba yako mudogo amekuja kutuona. Kaa, ukule."

Wakakaa. Bukari, ugali wetu, ilikuwa moto, mchuzi una nyanya. Na mama akafanya jambo ambalo Nathalie hakuwahi kuliona tangu azaliwe: akachukua firigisi, ile nyama ambayo kwao haimpiti mwanaume hata awe mtoto wa jana, akaiweka kwenye sahani ya binti yake.

"Mama! Na baba mudogo je?"

"Kula, mutoto," Nyembo akasema. "Leo ni yako."

Nathalie akacheka, kicheko cha kwanza tangu siku ya mvua. Aliona wanamheshimu. Aliona wanasema, bila kusema, kwamba kesho watakuwa nyuma yake. Akaila taratibu, akamwambia baba mdogo wafwako, asante ya Kiluba ambayo husemi ovyo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba siku nyingine wewe ndiye unayelishwa.

Jumatatu bendera ikapanda, watu wakasimama wima, wimbo wa taifa ukaimbwa. Halafu wakaingia kwenye chumba cha mikutano, chini ya bango kubwa linalosema unyanyasaji wa wanawake kazini hauvumiliwi. Bango lile, misumari yake ilipigwa na Kalala mwenyewe, picha akapigwa, akapigiwa makofi. Nathalie alisema yake mpaka mwisho. Mama Albertine akaandika, kisha akamgeukia Kalala.

Kalala hakukasirika, hakukana. Alitabasamu kama mtu aliyeletewa bili aliyokwisha kulipa.

"Mama Albertine, ninakuheshimu sana. Lakini haya maneno ilishaisha. Sisi tuko Baluba. Nilikosea heshima ya nyumba ya bantu, nikatuma kuku mweupe kwa familia, familia ikapokea, ikakula. Muzee wao uyu hapa."

Mlangoni alikuwa amesimama Nyembo, na shati lile lile la kola.

Kuku mweupe! Hakuna Mluba asiyejua kuku mweupe. Aliyekosa hupeleka kuku asiye na doa, na aliyekosewa akishakula firigisi yake, jambo limezikwa. Atakayelifukua amewatukana wote waliokaa kwenye sahani ile, walio hai na waliolala.

"Sheria haijui kuku," Albertine alisema kwa ukali. "Mambo haya hayamalizwi nyumbani!"

"Familia haina maneno tena, mama," Nyembo akajibu, macho chini. "Maji ikimwangika, hairudi mu kikopo."

"Sikuulizi wewe. Nathalie, wewe unasemaje?"

"Sikujua," Nathalie alisema. "Mama, ninaapa, hawakuniambia."

"Ulikula ao haukukula?" Kalala aliuliza taratibu, karibu kwa upole.

Angeweza kusema uongo. Lakini baba mdogo wake alikuwa pale, na nyama ile ilikuwa imekwisha kuwa mwili wake.

"Nilikula."

"Na firigisi?"

"Nilikula."

Basi. Albertine akamwita Sifa. Mama yule akasimama, akarekebisha mtandio wake, ule ule aliomfunika nao Nathalie. Akamtazama Nyembo, akamtazama Kalala.

"Minyi nilikuwa mu arshive," akasema. "Sikuone kitu."

Albertine alikusanya karatasi zake kwa hasira, akaahidi kuandika aliyoyasikia. Na aliandika, tusimwonee. Lakini hakuna jibu lililorudi.

Koridoni Sifa alimshika Nathalie mkono. "Unisamehe. Bantu benu benyewe bamekula. Minyi mutu wa Maniema, nikisimama peke yangu, ni nani atakuwa nyuma yangu? Bataniambia hata hapa si kwetu, na nilizaliwa hapa."

Nyumbani alimkuta mama yake kwenye ungo ule ule.

"Ulinipa firigisi, mama."

Mama Mbayo hakuinua kichwa. "Alituma watu. Balisema ukiendelea, jina yako inafutwa kabisa, na hakuna biro Kamina nzima itakupokea. Balisema ukinyamaza, matrikile inakuja. Muntu mwenye hana baba, mulango yake inalindwa na nani? Nilifikiri ninakuokoa."

"Na Salomé?"

"Salomé iko na mama yake."

Ndipo mama akalia, na Nathalie akalia naye, kwa sababu hakuweza kumchukia. Angemchukia ingekuwa nafuu. Wakalala bila kula.

Kalala alitimiza neno lake, hilo tulikubali. Alimwonyesha Nathalie jina lake likiwa limepigwa chapa, tayari kwenda Kinshasa na bahasha ya mwisho wa wiki. Akampa meza kule arshive karibu na Sifa. Na Salomé akawekwa mbele ya mlango na viatu vyake vipya.

Siku chache tu. Mchana mmoja umeme ulikuwa umekataa, milango yote wazi, sauti ya treni ya mizigo inayotoka upande wa Luena inasikika mbali. Nathalie alisikia Kalala akiita. Akasikia viatu vya Salomé vikiingia. Akasikia mlango ukijifunga.

Vyumba vyote vikanyamaza. Mtu wa uhasibu akakohoa. Wa chumba cha pili akakohoa. Sifa alipekua faili lisilo na kitu ndani. Na Nathalie naye, kichwa chini, mkono mdomoni, akakohoa.

Alijisikia. Mungu wangu, alijisikia mwenyewe! Kikohozi kile kile alichokisikia yeye akiwa amebanwa kwenye kabati, siku ya mvua, akingoja mtu mmoja tu agonge.

Akainuka. Akainama chini ya mlango wa arshive, akaokota tofali.

"Nathalie, hapana," Sifa alinong'ona. "Matrikile yako. Bahasha inaenda kesho."

"Ninajua, mama."

Alipita koridoni na tofali mikononi, mbele ya milango yote ile iliyo wazi. Hakugonga. Alisukuma. Salomé alikuwa amebanwa kwenye kabati lile lile la mafaili, mkono wake umeshikwa, mdomo wazi bila sauti. Nathalie aliufungua mlango mpaka mwisho, akainama, akaweka tofali chini yake. Kisha akasimama.

"Ni nani amekuita?" Kalala alisema.

"Hakuna."

"Weye na minyi tulimaliza maneno. Ulikula, ulisema mbele ya bantu wote."

"Nilikula, shefu. Ile kuku ilikuwa ya maneno yangu. Ya Salomé, hakuna muntu mwenye alikula."

Kalala aliuachia mkono wa msichana. Alitazama tofali, akatazama koridoni, akatabasamu lile tabasamu lake, ila safari hii lilimkaa vibaya.

"Jina yako ninaifuta leo leo. Unasikia? Mama yako atakula nini?"

Nathalie alimwona mama yake na ungo wake, akaona miaka yote ile aliyongoja, na machozi yakamtoka hapo hapo bila aibu.

"Futa, shefu."

"Yaya," Salomé alisema, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, sauti ndogo kabisa.

"Toka, mudogo wangu. Mulango iko wazi."

Msichana alipita katikati yao, akajikwaa kwenye tofali, akashika ukuta, akaingia koridoni analia kwa sauti. Milango yote ilikuwa wazi, watu wote walikuwa kwenye meza zao, na safari hii hakuna aliyekohoa.