Maoni ya Nyumba Nzima Kuhusu "Breki Zimeisha"

Jumatatu moja baada ya alasiri, Damaris Moraa alikuwa jikoni kwa mwajiri wake, mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah, akikomba mamumunye madogo ili ayajaze wali na nyama. Alikuwa amefikia la kumi na nne simu ilipotetemeka. Ujumbe ulitoka Riyadh, kwa Fridah, aliyesafiri naye ndege moja miaka minne iliyopita na sasa alikuwa akipiga pasi kanzu za familia ya watu kumi na mmoja.

"Dada, skiza hii albamu, 'Breki Zimeisha,'" Fridah alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Lakini vaa earphones. Huyu mama ukimskiza, anakuja mwenyewe."

Damaris alivaa vya masikioni, akabonyeza, akarudi kwenye mamumunye. Alisahau jambo moja tu. Kila asubuhi yeye ndiye aliyeunganisha simu yake na spika kubwa ya sebuleni, madam alipofanya mazoezi ya kupunguza tumbo, na simu hiyo ilikuwa na kichwa kigumu: ikishazoea mahali, haibanduki. Kwa hiyo yeye hakusikia kitu masikioni, akadhani intaneti inasuasua, na nyumba nzima ikasikia albamu yote, nyimbo tisa, dakika arobaini na moja. Hakuna aliyeizima. Bibi alidhani mkwewe, yule madam, ndiye aliyeiweka. Mkwe alidhani ni mumewe. Mume, Badawi, aliyekuwa ameegemea mto akipumzika, alidhani ni uzee.

Wimbo wa tisa ulipokwisha, mwimbaji mwenyewe akatoka kwenye spika. Alitoka kiubavu, kwa sababu ya gitaa.

Jina lake Rosebellah Nyaboke, umri miaka sitini na sita. Kwa miaka arobaini alikuwa ameimba katika vilabu vya kando ya barabara kuu, pale malori yanapolala, kutoka Mlolongo hadi Malaba, muziki ambao yeye aliuita bluzi na wenye vilabu waliuita kelele za kuuzia bia. Alikuwa na desturi yake. Akimaliza kuimba, aliweka gitaa chini na kupita meza kwa meza akimwuliza kila mtu amesikia nini, na hakuondoka kwenye meza mpaka wote walioikalia wawe wamesema. Aliyejibu "poa" alisubiriwa. Pale Salgaa aliwahi kumsubiri dereva mmoja wa Uganda siku mbili, hata ndizi alizobeba zikaiva zote ndani ya lori. Sasa, uzeeni, mpwa wake alikuwa amemrekodia albamu ya kwanza na kuiweka mtandaoni, na desturi haikubadilika. Meza tu ndizo zilizoongezeka.

Madam Wafaa alimtazama kuanzia viatu hadi kilemba.

"Una ikama wewe, kibali cha kukaa?"

"Sina," Rosebellah alijibu. "Niko na albamu."

Wafaa alifikiri kidogo, kisha akamwita Damaris alete kiti na kahawa, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Kiswahili chao kilielewana vizuri. Familia hii ilitoka Unguja mwaka sitini na nne. Bibi Mwatima, mama yake Badawi, alivuka akiwa na miaka tisa, amekumbatia mto wa kulalia, na wakakaa miaka kumi na mmoja bila karatasi, hawawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Habari hiyo ilisimuliwa kila Idi, watu wakafuta machozi, na Damaris ndiye aliyekuwa akipitisha halua.

Mkataba wa Damaris ulikuwa wa miaka miwili, na ulikuwa umekwisha miaka miwili iliyopita. Ili atoke nchini, Badawi alipaswa kufungua simu yake na kubonyeza mahali pa kumruhusu, kisha afungue kabati lake na kutoa pasipoti iliyokuwa chini ya sanduku la saa. Shughuli yote haizidi dakika tano. Badawi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililozidi kumchosha Damaris, maana mtu mbaya angalau unaweza kumchukia ukalala. Badawi alikuwa akimwuliza habari za mtoto. Mtoto huyo, Mourine, aliachwa Keroka kwa nyanya yake akiwa na miaka mitatu. Sasa alikuwa na saba, na kwenye simu alimwita Damaris "mum wa simu," kwa upole, kama mtu anavyotaja kazi ya mwenzake.

Rosebellah akaanza na bibi, kwa sababu ya umri.

"Sauti yako imekwaruza, mwenzangu, imekwaruza hasa," alisema Bibi Mwatima. "Lakini maneno umeyanyosha. Ule wimbo wa tatu nimelia, na mie sikulia tangu alipokufa mume wangu. Na hata siku ile nilisaidiwa."

"Asante, mama. Hayo ni maoni," alisema Rosebellah, akayafunga kwenye pindo la leso yake, fundo dogo.

Kisha akamgeukia Wafaa, na Wafaa akasema, "Nzuri."

"Hiyo ni salamu, madam. Mimi nitangoja."

Akangoja. Alilala kwenye kochi refu, gitaa juu ya tumbo. Adhana ilipolia alinyamaza bila kuambiwa, kwani hata Salgaa msikiti ulitazamana na kilabu na walishapatana saa. Jumanne mchana aliingia kwenye simu ya Damaris, akaenda Riyadh kumalizana na nyumba ya kina Fridah, ambako walibaki watu wawili hawajasema, akarudi kabla ya magharibi akiwa na tende na salamu. Damaris alipokea tende. Kwa miaka minne yeye alikuwa ameuona mtaa wa Sharafiya, hapo hapo Jeddah, mara mbili, zote akiwa kiti cha nyuma.

"Riyadh kukoje?" aliuliza.

"Kuna vumbi. Fridah amenona, lakini usimwambie."

Jumatano asubuhi Wafaa alikatiza mazoezi yake, akafuta jasho.

"Basi sikiliza. Malori yamenichosha, kila wimbo lori. Wimbo wa pili unafaa kwa mazoezi. Na mie nakuonea wivu, bibi wee. Unakwenda unakotaka, na hakuna anayekupigia simu kukuuliza chakula kiko wapi. Halas, nimesema."

Rosebellah akafunga fundo la pili. Wafaa akaendelea kunyanyua miguu.

Badawi alisema siku hiyo hiyo mezani, kati ya wali na matunda, wala hakulazimishwa. Alikuwa mtu anayependa kushirikiana.

"Wimbo wa nne, ule wa 'Funguo Ziko Wapi,' umeniimba mie," alisema huku akimenya chungwa. "Yule bwana aliyeweka funguo mfukoni, kisha akainama na wenzake kuzitafuta chini ya meza, ndiye mie. Mkataba wa huyu Damaris umekwisha zamani. Simwachii aende, kwa sababu akija mwengine itabidi tumfunze upya kila kitu, na mama keshamzoea. Sababu nyengine sina. N'nakaa nikitafuta, siipati. Umeimba vizuri sana."

"Hayo ni maoni," alisema Rosebellah.

"Ahsante," alisema Badawi.

Fundo la tatu likafungwa. Wafaa aliomba chumvi. Bibi Mwatima alisema kweli, kamzoea sana, yule wa kabla hakuwa akijua hata kuchemsha yai. Damaris alisimama na jagi la maji mkononi, akasubiri, kwa sababu mtu akishakiri kitu kwa utaratibu namna hiyo unatazamia ainuke, aende kabatini. Badawi aliinuka, akaenda kunawa mikono.

Akabaki Damaris peke yake, na Damaris akawa haelekei kusema. Alikuwa na vyombo. Kisha alikuwa na nguo za kuanika. Ukweli ni kwamba alimpenda yule mama, alipenda kuwa na mtu jikoni anayekaa tu bila kuhitaji chochote, na alijua kwamba akishasema, meza itakuwa imekwisha.

Alhamisi, baada ya vyombo vya asubuhi, Rosebellah akavuta kiti karibu na sinki.

"Sasa wewe, mami. Uliskia nini?"

"Mimi sina mengi."

"Wote husema hivyo."

Damaris akafunga mfereji.

"Wimbo wa sita ni uongo," alisema. "Mama, unisamehe. Unasema barabara hurudisha watu. Hairudishi. Labda ya kwenu Salgaa hurudisha. Ile niliyokuja nayo mimi ilikunjwa nikiwa airport, ikawekwa kwa kabati ya baba wa nyumba hii, chini ya masaa zake."

Na kwa kuwa alikuwa ameanza, akaendelea. Alisema habari za Mourine na jino lake la kwanza kung'oka, aliloonyeshwa kwenye skrini, mtandao ukakatika. Alitaja jina la Badawi, la baba yake Badawi na la babu yake. Alitaja namba ya ikama yake mwenyewe kwa kichwa, tarakimu zote kumi. Alisema nataka kwenda kwetu, akalisema hilo mara nyingi, kila mara kwa sauti yake kamili, ambayo mle ndani hakuwa amewahi kuitumia na yeye mwenyewe alikuwa amesahau ukubwa wake. Mchuzi uliungua kidogo. Yalikuwa maoni marefu mno kwa pindo la leso, ikabidi leso yote, na Rosebellah alipokaza fundo kwa meno, sauti ya Damaris ikawa imeingia humo pamoja nayo.

"Haya sijawahi pata, hata kwa madereva," alisema Rosebellah, akiyapima kwa mkono. "Nitayaweka kwa huo wimbo. Mwenye maneno ndiye anafaa kuuimba."

Akaaga kila mmoja kwa jina, akaingia kwenye spika kiubavu.

Siku tisa zilipita kabla ya mtu yeyote nyumbani kutambua kwamba Damaris hana sauti. Kazi yenyewe haikuihitaji. Pale alipokuwa akisema "ndiyo madam" sasa aliitikia kwa kichwa, na Wafaa akamwambia dada yake kwamba msichana wao amezidi adabu. Siku ya kumi Bibi Mwatima alitambua, kwa sababu alizoea kusema peke yake na kujibiwa. Aliamuru tangawizi na asali. Damaris ndiye aliyeichemsha.

Wiki hiyo ukaja ujumbe wa mama yake, Jael, kutoka Keroka.

"Damaris, sauti yako imefika Jumanne, ilishuka na basi ya jioni kutoka studio. Haijambo. Imesomea Mourine kitabu mpaka mtoto akalala. Leo imegombana na yule jirani wa mpaka wa shamba, na imeshinda. Sasa nauliza, mwili unakuja lini? Huyu mtoto anataka kushika mtu."

Damaris aliusikiliza mara nne akiwa ameketi kwenye ukingo wa beseni la kufulia. Alilia, na kwa kuwa kilio hakikuwa na sauti, hata yeye hakupata faraja yake. Kisha akaandika kwa kidole gumba: "Mwili bado. Itunzeni hiyo sauti, isitoke kwa baridi." Akakaa. Akaongeza: "Mwambie Mourine aishike mkono."

Wimbo wa sita ukatolewa upya, maneno yamebadilishwa, na watu wakausikiliza kuliko nyimbo zote. Maoni yalikuwa mengi. Dereva mmoja wa Malaba aliandika kwamba amelazimika kuegesha. Mwanamke wa Doha aliandika namba yake ya ikama, tarakimu zote, na chini yake wenzake mia tatu na zaidi wakaandika za kwao bila neno jingine. Mtu wa Nakuru alisema besi imezidi dakika ya tatu. Fridah alituma ujumbe kutoka Riyadh: "Dada, umeimba mpaka nimechoma kanzu ya bosi." Rosebellah Nyaboke, kwa umri wake, alikuwa na meza nyingi kiasi kwamba mpwa wake hakumwona tena mchana.

Badawi aliupenda sana. Alhamisi iliyofuata walikuja wageni wa kahawa, na miongoni mwao binamu yake Marwan, mwenye kuelewa muziki, au aliyesadiki kwamba anaelewa. Badawi mwenyewe aliunganisha spika. Damaris alizunguka na birika mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia, kama inavyotakiwa, na sauti yake ikazunguka sebuleni kutoka ukuta hadi ukuta, ikitaja jina la Badawi, la baba yake na la babu yake, ikisema nataka kwenda kwetu.

Wageni walisikiliza hadi mwisho. Mmoja akasema, mashaallah.

"Sauti kubwa hii," alisema Marwan. "Nani huyu?"

"Huyu huyu wetu," alisema Badawi, akamwonyesha Damaris kwa kidevu. Wageni wakamtazama kwa heshima. Damaris akamjazia Marwan kikombe.

"Na anataka kwenda kwao?"

"Akitaka kwenda si aseme mwenyewe," alisema Badawi. "Mbona mdomo anao."

Wote wakamtazama Damaris tena, wakangoja kidogo, kiungwana kabisa. Damaris alifungua mdomo. Spika, iliyokuwa imewekwa kurudia, ikaanza wimbo upya tangu mwanzo, jina, namba na yote.

"Hebu sikiliza hapa," alisema Badawi, akiinua kidole. "Hapa gitaa linapoingia. Mie hapa ndipo n'napopapenda."

Wakasikiliza gitaa. Marwan akatikisa kikombe chake kuonyesha kwamba ametosheka, na Damaris akakipokea.