Siku Tatu za Mafungo

Fungu la kwanza la rozari Aleyamma alilisali akiwa macho. La pili alilisali nusu. La tatu lilimkuta ameegemea ukuta chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, mdomo wazi, shanga zimemlalia mapajani. Mumewe, Kuriakose, akamalizia peke yake kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuamsha mtoto mchanga.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu Kuriakose aanguke na kuumia mgongo, Aleyamma ndiye aliyegema miti mia mbili ya mpira nyuma ya nyumba. Alitoka alfajiri na kisu chake, akachanja gome mti baada ya mti, kisha akarudi kukusanya utomvu uliojaa kwenye vifuu. Katikati ya hayo yote alikuwapo Ammachi, mama mkwe wake, ambaye akili ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo, mwaka wa nne sasa. Ammachi alikuwa wa kuoshwa, kulishwa, kugeuzwa na kubembelezwa. Siku nyingine alimwita Aleyamma mwizi na kupiga kelele hadi majirani wakasikia.

Lakini kilichomuuma Aleyamma si kazi. Kazi aliizoea tangu kwao. Kilichomuuma ni kwamba Mungu alikuwa amempotea. Zamani alizungumza naye kama jirani wa ng'ambo ya ua. Sasa akifumba macho, akili inakimbilia kwenye shuka chafu na dawa za mgongo. Anaanza Baba Yetu, na kabla hajafika kati anajikuta anawaza kama dengu amezilowesha.

Wiki ya tatu ya Kwaresima alifika wifi yake, Susamma, kutoka Mumbai. Susamma alikuwa muuguzi mstaafu, na sauti ya kuamrisha hakuiacha wodini. Jioni ya kwanza tu aliushuhudia ule usingizi.

"Wifi! Siku hizi Mungu anasaliwa kwa kukoroma?"

"Nimechoka, dada."

"Nani hajachoka? Nimekesha na wagonjwa miaka thelathini, rozari sikuikosa hata siku moja. Na mama mbona nywele hazijachanwa?"

Jibu Aleyamma alikuwa nalo, tena la moto. Akalimeza. Aliyesema ni Kuriakose, kutoka kitandani.

"Susamma, kuna mafungo ya kiroho kule mlimani kwa masista. Siku tatu. Mwache mke wangu aende, wewe ubaki na mama."

"Siku tatu tu? Hata wiki nabaki!"

"Haya. Tuko hapa, tutaona," alisema Kuriakose, akageukia ukutani.

Aleyamma alipanda mlima akiwa na furaha ya msichana. Huko, alijiambia, hakuna shuka wala kisu, nitamtazama Mungu peke yake. Akatandika mkeka karibu na nguzo ya ukumbi. Padre mwembamba akaanza kuhubiri juu ya kumkazia Bwana macho. Aleyamma aliyasikia maneno matano, pengine sita. Alipozinduka, watu walikuwa wanatoka kwenda kula.

Mchana ikawa vivyo hivyo. Siku ya pili pia. Wanawake wawili wa mkeka wa jirani wakanong'onezana, "Huyu kaja mafungo au kaja likizo?" Alilala wakati wa nyimbo, akalala wakati wa kuabudu, na foleni ya kitubio ilimpita amejikunja pale pale.

Siku ya tatu, aibu ikampeleka jikoni. Sista Filomina, mpishi, mzee mwenye mikono yenye makovu ya moto, alikuwa ameketi mbele ya kilima cha muhogo.

"Sista, nimepoteza siku zangu. Nimekuja kumtafuta Mungu na sikusikia hubiri hata moja."

"Kisu hicho hapo. Menya."

Wakamenya, Aleyamma akisimulia ya miti, ya mgongo wa Kuriakose na ya Ammachi. Baada ya kitambo Sista akauliza, "Mkweo ukimwosha, Mungu unamwambia nini?"

"Namnung'unikia tu. Bwana, leo tena? Hii shuka ya tatu, na jua halijawa kali."

"Kila siku?"

"Kila shuka."

Sista Filomina akacheka hadi akaweka kisu chini. "Mwanamke wewe! Unazungumza naye kutwa, halafu unasema umempoteza?"

"Hayo malalamiko, Sista. Si sala."

"Na unampelekea nani? Kuriakose?"

Aleyamma akachukua muhogo mwingine. Hakuona nuru wala hakusikia sauti. Ila alipoteremka mlima jioni ile alitembea taratibu, na hakujitukana njiani kama alivyokuwa amepanga.

Nyumbani alimkuta Susamma ameketi kizingitini, nywele zimetimka, sari ina madoa ya uji.

"Kanipiga," alisema Susamma.

"Nani?"

"Mama. Kanitemea uji, kaniita mwizi. Mimi, kifungua mimba wake!" Akalia kwa kwikwi, mtu mzima mwenye wajukuu.

Aleyamma alisikia utamu kidogo moyoni, utamu wa mtu aliyeshinda kesi, na akauonea haya palepale. Akaketi kando yake.

"Umemshika upande wa kulia. Bega lile linamuuma, hawezi kusema. Njoo nikuonyeshe."

Wakamwogesha wawili, mmoja akishika, mwingine akimwaga maji. Ammachi alitulia, akawatazama kama wageni wenye heshima.

"Miaka minne umevumiliaje?" Susamma aliuliza.

"Sijavumilia, dada. Nimenung'unika."

Susamma akakausha mgongo wa mama yake, akamvika nguo safi. "Tikiti yangu ya kurudi nitaisogeza," alisema hatimaye. "Hadi Pasaka imalizike. Asubuhi mama nitamshika mimi."

Kulipopambazuka Aleyamma alitoka na kisu chake. Uchovu ulikuwa pale pale. Siku tatu hazifuti miaka minne. Mbele ya mti wa kwanza alisimama, akaweka kiganja kwenye gome lenye umande.

"Bwana," alisema kwa sauti, "magoti yananiuma, mawingu haya siyapendi, na la maana la kukwambia sina."

Kisha akachanja, na alipokuwa akielekea mti wa pili alikuwa bado anaongea.