Miezi Mitupu ya Generose

Generose alikuwa na miaka ishirini na minne alipoanguka mbele ya wanafunzi wake wa mwaka wa nne, chaki ikiwa bado mkononi. Tumbo lilimsokota upande wa kushoto hata akashindwa kupiga kelele. Walimkimbiza hospitalini, na siku ileile daktari akampasua, akatoa uvimbe mkubwa pamoja na kifuko cha mayai cha kushoto na mrija wake.

"Upande wa kuume ni mzima," daktari alimwambia alipozinduka. "Utazaa."

Mwaka uliofuata Frédéric, fundi wa kuchomelea vyuma pale Uvira, akataka kumwoa. Generose alimweleza yote kabla ya posa, kisha akamwomba ampeleke kwa mama yake, asije akaambiwa baadaye kwamba alificha. Mama Pélagie alikuwa akifuga ng'ombe kule juu Rurambo. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Weye unaniambia vipande vyako vya nini?" akamjibu. "Mutoto wangu hakuniambia anaoa vipande. Aliniambia amepata muntu."

Wakaoana mwezi wa nane.

Ndipo Generose akaanza hesabu zake. Alikuwa amesikia kwamba vifuko vya mayai hupokezana, mwezi huu cha kushoto, mwezi ujao cha kuume. Basi yeye, mwalimu wa hesabu, akaona jambo liko wazi: mwezi wa kushoto kwake ni mtupu. Alitundika kalenda ya parokia chumbani, akazungushia mwezi mmoja duara jekundu na kuuruka unaofuata.

Miezi ya duara ilikuwa migumu. Frédéric hakuruhusiwa kulala nje ya nyumba. Generose aliinua miguu ukutani nusu saa nzima, akanywa majani machungu aliyopewa na jirani, na damu ilipokuja alijifungia chumbani akilia. Miezi mitupu, Frédéric alishika vifaa vyake akaenda Runingu na Bwegera kutengeneza mashine za kukoboa mpunga, akarudi baada ya majuma matatu.

Miezi kumi na minne ikapita hivyo. Siku moja, bila kumwambia mtu, Generose alikwenda kituo cha afya kumwona Olive, mkunga aliyesifiwa kwa kusema mambo wazi. Akamfungulia kalenda mezani. Olive aliitazama kwa muda.

"Na hii miezi haina alama, munafanyaka nini?"

"Hakuna. Bwana yangu anaendaka kazi Bwegera. Ni miezi ya upande wa kushoto."

Olive akafunika mdomo. Mabega yalianza kumtikisika, na mwisho akashindwa kabisa, akacheka mpaka machozi.

"Mwalimu, nisamehe. Nani alikuambia hicho kifuko kinangojaka mwenzake? Mwenzake hayuko! Sasa kazi yote iko yake. Karibu kila mwezi kinatoa yai."

Generose alihesabu kwa vidole chini ya meza.

"Kwa hiyo hatukushindwa mara kumi na nne," akasema polepole. "Tumejaribu mara saba tu."

"Saba tu! Na hata wanawake wenye vyote viwili wanakawiaka hata mwaka."

Generose naye akacheka. Alicheka kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia kwake tangu harusi. Alipofika barabarani alimpigia Frédéric simu.

"Rudi nyumbani."

"Iko nini? Si mwezi mutupu huu?"

"Hakuna mwezi mutupu! Haikuwako hata siku moja! Panda pikipiki, kuya!"

Frédéric alifika kabla ya magharibi, amekaa nyuma ya pikipiki, nywele nyeupe kwa vumbi la pumba. Generose alipomweleza, alikaa chini mlangoni akapiga magoti yake kwa viganja. "Bibi yangu, miye nimelala Bwegera na mbu bure?"

Kalenda ikaenda kuwashia mkaa. Mwezi ule hakukuwa na kitu, na uliofuata vilevile, lakini Generose hakujifungia tena. Jumapili walishuka ziwani, wakala kwa mikono samaki wa kuchoma waitwao mikeke, wakarudi wakitembea polepole. Mwezi wa tano damu haikuja.

Olive alikuwa amemwonya asikawie, maana mwenye mrija mmoja ni vizuri aangaliwe mapema, mimba isije ikakaa pasipo mahali pake. Wakaenda wote wawili kupiga ekografi, picha ya tumboni. Frédéric alimshika mkono mpaka ukafa ganzi.

"Iko mu kizazi kabisa," daktari akasema. "Angalieni, moyo unapiga."

Frédéric akaomba aoneshwe tena, na tena, mpaka wanawake waliongoja nje wakagonga mlango.

Mtoto wa kike alizaliwa mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, kilo tatu na nusu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Mama Pélagie alishuka kutoka Rurambo na chupa kubwa ya maziwa. Hakumwachia mtu mwingine nafasi. Alimbeba mjukuu, akamzungusha wodi nzima akimwonesha kitanda kwa kitanda, na kila mahali akamtaja jina alilompa njiani, kabla hata ya kumwona: Arakaza, jina la kumkaribisha aliyefika.