Nyumba ya Wazee Wasio na Mtu

Nilikuwa mpishi wa Bwana Fenwick kule upande wa Njoro miaka ile ya hamsini, na mtu akitaka kujua ushirikiano ni nini aniulize mimi, maana niliupikia keki. Kila Jumatano watu watatu walikaa verandani: Memsahib, mkewe Bwana Fenwick, kwa niaba ya shamba, Mchungaji Kiptanui kwa niaba ya kanisa, na Bwana Hiram, afisa wa ustawi kutoka Nakuru mjini, kwa niaba ya serikali. Walikuwa wanawajengea wazee nyumba. Shamba lilitoa kiwanja, serikali ikatoa mabati, kanisa likatoa maombi. Baada ya hapo walibishana keki nne nzima kuhusu jina la nani litangulie kwenye kibao.

Nyumba ikaisha, nyeupe kama yai, ina vitanda sita na mablanketi mapya. Mke wa mkubwa mmoja wa serikali akaalikwa kuja kuifungua. Hapo ndipo Mchungaji alipokumbuka kwamba hawakuwa na mzee hata mmoja wa kuweka ndani.

Wakapita kwenye kambi ya wafanyakazi wakiomba wazee. Hebu fikiria upumbavu huo. Unamkuta mtu anakula na mama yake, unamwambia akupe huyo mama akalale kwa serikali. Nyapara Kipketer, ambaye kwa kawaida hakumkatalia Memsahib hata jambo la kipuuzi, alisema mama yake hajatupwa, akawafungia mlango. Kila nyumba jibu lilikuwa hilo hilo, na kwingine lilitolewa bila adabu.

Wakabaki wajane wawili wa marehemu Kiprugut, Jepkosgei mke mkubwa na Chelangat mke mdogo. Mume alipokuwa hai walioneana wivu mpaka majirani wakachoka kuwaamua. Alipokufa walikosa cha kugombania, wakawa marafiki. Chelangat alikuwa amepofuka lakini ana mgongo wa punda. Jepkosgei alikuwa anaona vizuri lakini kiuno kilikwisha kwa kuchuma maua ya pareto. Basi mmoja alibeba kuni, mwingine akamshika shuka akimwelekeza njia. Ukiwajumlisha, walikuwa mtu mmoja mzima.

Sasa, sheria ya shamba ilikuwa kwamba kibanda kisicho na mfanyakazi kinabomolewa, na waliomo wanapakiwa kwenye lori warudi risavu, kwenye ardhi serikali iliyowatengea Waafrika. Jepkosgei alikuwa ameshindwa kuchuma msimu huo. Huko risavu, Baringo, hawakuwa na mtu wa kuwapa hata maji. Watoto wao walikuwa wamekufa, na wenyewe walikuja Njoro wakiwa wasichana. Nyumba ile nyeupe ndiyo peke yake ingewaokoa wasitupwe.

Nilikuwa nikimimina chai walipoitwa mbele ya kamati. Memsahib akauliza kwa kile Kiswahili chake, "Wewe iko na mtu nasaidia wewe?" Jepkosgei, kwa ujinga wake wa kusema kweli, akajibu kwamba yuko na Chelangat. Chelangat naye akasema yuko na Jepkosgei. Bwana Hiram akafunga kalamu yake kwa masikitiko makubwa. Nyumba, akaeleza, ni ya wazee wasio na mtu. Hawa wawili, kila mmoja ana mtu. Kwa hiyo hawafai. Mchungaji akatikisa kichwa kukubali, akachukua kipande kingine cha keki. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Jumatano iliyofuata wakarudi wenyewe. Walikuwa wamepatana wagombane. Jepkosgei akaanza, kwamba huyu si mtu wake, ni mwizi aliyemnyang'anya mume. Chelangat akajibu kwamba hakuna aliyeiba, mume alihama mwenyewe kwa kuchoka kulishwa ugali mbichi. Mpaka hapo nilikuwa nauma midomo nisicheke. Lakini maneno ya ugomvi yakishatoka hayajui kwamba yalikuwa mchezo. Jepkosgei akasema kwamba siku mwenzake alipopofuka, yeye alifurahi.

Chelangat akamgeuzia uso. Kisha akauliza polepole, "Ulifurahi kweli?"

Jepkosgei akamtazama Bwana Hiram, aliyekuwa ametega sikio, akajibu ndiyo. Machozi ya Chelangat hayakuwa mchezo, na mimi nikamwaga chai nje ya kikombe. Niliwachukia wale watu watatu siku ile, na keki yangu nikaichukia pia.

Kamati iliridhika sana. Ilikuwa wazi sasa kwamba wote wawili hawana mtu. Ila, akasema Bwana Hiram, maadui hawawezi kulazwa nyumba moja, watamfanyia mgeni fujo. Aingie yule kipofu, maana kipofu hupendeza kwenye picha, na mwenzake apande lori. Wale kina mama wakaungama palepale kwamba walidanganya. Mchungaji akasema kanisa haliwezi kuwalaza waongo, lakini kwa kuwa mgeni yuko njiani, mwongo mmoja anaweza kuvumiliwa.

Chelangat akaingizwa peke yake, akagoma. Hakula, na hakukubali binti yeyote wa kambini amvue nguo amwoshe. Mabinti wenyewe waliona haya kumgusa mtu wa rika la nyanya zao. Katika wale washirika watatu hakuna aliyejitolea. Ndipo Memsahib akamwajiri Jepkosgei awe yaya wa wazee, avae aproni, mpaka mgeni aondoke. Lori lingemchukua kesho yake.

Nilikuwa napeleka uji Jepkosgei alipomwosha mwenzake mara ya kwanza. Jepkosgei alisema kwamba lile neno lilikuwa uongo, kwamba siku ile ya upofu alilia mpaka akashindwa kupika.

"Najua," akasema Chelangat. "Sugua mgongo."

Siku ya ufunguzi ikafika. Debe tupu haliachi kuvuma: Bwana Hiram alihutubia mpaka maua ya mezani yakalala. Halafu mgeni, mama mrefu mwenye kofia, akaingia ndani, akavitazama vitanda, akauliza kwa nini nyumba ya wazee ina mzee mmoja. Ushirikiano mzima ukatazamana. Bwana Hiram, mwepesi wa akili ngozi yake ikiwa hatarini, akamvua Jepkosgei aproni, akamkalisha kitandani kando ya Chelangat, akasema huyu ndiye wa pili.

Mgeni akafurahi. Akamshika mkono, akauliza jina lake, akalirudia mpaka akaliweza, akaahidi kuja kumwamkia kila mwaka. Nikajua palepale kwamba lori litaondoka tupu. Nani angethubutu kumpeleka risavu mzee ambaye mke wa mkubwa anamwita kwa jina?

Kisha mgeni akasema angependa kumwona kazini yule anayewatunza.

Aproni ilikuwa mkononi mwa Bwana Hiram. Akampa Mchungaji upesi, naye Mchungaji akampa Memsahib. Memsahib akanitazama mimi, lakini nilikuwa nimeshika sinia ya chakula kwa mikono miwili, na sikuwa na haraka ya kuitua. Akaivaa. Akachukua birika na beseni, akainama mbele ya kitanda kuwanawisha. Miaka yote niliyompikia sikuwahi kumwona akishika mkono wa mtu aliyemchumia pareto.

Jepkosgei akanyoosha mikono yake polepole. "Maji ni baridi," akasema. "Mzee huoshwa na ya moto."

Mgeni akauliza amesema nini. Bwana Hiram akatafsiri kwamba anamshukuru Mungu. Lakini Memsahib alikuwa ameelewa, shingo ikamwiva nyekundu, akanituma maji ya moto. Nilipoyaleta akamnawisha Jepkosgei, halafu akamgeukia Chelangat. Yule kipofu akaipapasa mikono iliyomshika, kiganja na vidole, akakunja uso.

"Huyu ni nani?" akauliza. "Hii mikono haijawahi kufanya kazi."

"Ni yaya wetu," Jepkosgei akamjibu. "Ameanza leo. Atazoea."