Maabara ya Ghala la Sabuni

Naapa haya yote ni kweli tupu. Kama nimeongeza hata neno moja, kipara changu hiki kiote nywele.

Siku ile mwalimu mkuu aliingia darasani kwa kina mjukuu wangu, tumbo likatangulia, mwenyewe akafuata baadaye. Akatangaza kwamba shule haina maabara, kwa hiyo darasa la sayansi linafungwa. Wanafunzi wote watafute masomo mengine. Mjukuu wangu huyo, niliyemlea tangu anatambaa, anataka kuwa mfamasia. Akarudi nyumbani, akatupa mkoba kitandani.

"Babu, mimi sihami."

"Lakini mwalimu mkuu kasema..."

"Kasema. Na mimi nimesema."

Ukaidi wa marehemu bibi yake, haujapungua hata chembe. Jioni nikaukusanya mtaa kwenye karakana ya fundi wa kuchomelea. Mama Sabuni, anayepika sabuni za kufulia, akatupa ghala lake. Panya wa ghala lile, nakuapia, walikuwa wakitoka mle weupe pee na wananukia. Fundi akachomelea meza ambazo ng'ombe angezalia juu yake zisitikisike. Fundi bomba akaleta bomba. Siku ya kwanza likakohoa, likapiga chafya, likatema chura, ndipo maji yakaja. Watoto wenyewe wakapaka rangi. Mwalimu wao wa kemia, binti mdogo asiyeogopa mtu, akaazima vyombo chuoni alikosoma, akawa anakuja kila alasiri bila malipo.

Mwalimu mkuu akaja kutucheka mlangoni. "Maabara haijengwi na wauza sabuni!"

Mama Sabuni akashika kiuno. "Na hilo shati lako limetakata kwa nini, mwalimu? Kwa dua? Hebu toka mlangoni, unatuzibia mwanga."

"Nitamleta mkaguzi awafungie!"

"Mlete! Asipoijua njia, tutamfuata wenyewe."

Mkaguzi akaja kweli: mama mwembamba wa miwani, uso mkavu kama ubao. Akakagua madirisha, ndoo ya mchanga, bomba. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akauliza, "Mhudumu wa maabara yuko wapi? Mwalimu peke yake haruhusiwi. Hamna mhudumu, nafunga leo."

Mwalimu mkuu akaanza kutabasamu. Mjukuu wangu akang'ata mdomo. Hapo ulimi wangu, ambao haujawahi kuniomba ruhusa, ukatoka mbio.

"Mhudumu ni mimi, mama. Miaka thelathini hospitali kuu. Madaktari walikuwa hawapimi damu mpaka mimi nifike."

"Vizuri sana, mzee. Basi hebu nipunguzie makali asidi hii kwa maji."

Kazi rahisi! Nikakamata jagi la maji, nikaliinua juu ya gilasi ya asidi.

"Babu, acha!" Darasa zima lilipiga kelele. Mjukuu wangu akanidaka mkono. "Asidi ndiyo inaingia kwenye maji, tena kidogo kidogo! Ukimwagia maji itachemka ikurukie usoni!" Akavaa miwani ya kinga, akaifanya kazi mwenyewe, taratibu, hata gilasi haikulia.

Mkaguzi akanigeukia. "Mzee, hospitali ulikuwa unafanya kazi gani hasa?"

"Ile damu... nilikuwa naipandisha maabara."

"Kwa vipi?"

"Kwa lifti."

"Wewe ni fundi wa lifti?"

"Nilikuwa nabonyeza vitufe."

Fundi wa kuchomelea alicheka mpaka akashikilia ukuta. Mwalimu mkuu akaruka, "Si nilisema? Matapeli! Funga, mama, funga!"

"Aliyedanganya ni babu yangu," mjukuu wangu akasema, akasimama katikati ya mlango. "Sisi hatujadanganya. Tuulize sisi. Mmoja mmoja, chochote unachotaka. Tukishindwa, tutabeba meza wenyewe."

Mkaguzi akauliza. Wakajibu. Akauliza magumu zaidi, wakajibu, mpaka mwalimu mkuu akatafuta kigoda akakaa. Mwishowe yule mama akafunga kalamu yake.

"Darasa linaendelea. Ila mhudumu lazima apatikane, nawapa muhula mmoja." Akaninyooshea kidole. "Na wewe mzee umejiteua mbele ya mashahidi. Jifunze. Muhula ukiisha nakuja kukutahini mwenyewe. Ukianguka, nafunga."

Basi ndiyo hivi mnavyoniona: aproni hadi magotini, benchi la mbele, nafundishwa na mtoto niliyemfunga nepi. Mwalimu mkuu hupita dirishani kuchungulia kama nimekata tamaa. Nampungia brashi yenye povu.

Jana nilimwambia mjukuu wangu kwamba nimeshaelewa kila kitu, hata mengine ambayo vitabu havijui. Akanisogezea ndoo ya vyombo vichafu.

"Osha hivyo kwanza, Babu. Halafu unieleze tena, bila kupamba."

Nikaosha.