Mtu wa Nne Mezani

Watu wa Oberkirnbach hatuwezi kucheza karata tukiwa watatu. Huko kaskazini wanao mchezo wao wa watatu, na wauchezee hukohuko. Wetu unataka wanne, wawili kwa wawili, na utamu wake ni kwamba mwanzoni hujui mwenzako ni nani. Mchezaji anataja nguruwe mmojawapo, ndivyo tunavyoziita karata kubwa za kila rangi, ya majani, ya kengele na nyingine, na aliyemshika nguruwe huyo ndiye mwenzake. Lakini hasemi. Ananyamaza na kunywa bia yake mpaka nguruwe atoke mwenyewe.

Kwa hiyo binti yake Alois, mwenzetu wa nne, alipomchukua baba yake akaishi naye Nuremberg, tuliobaki, mimi na Wastl na Girgl, tulikuwa kama watu waliobeba jeneza na kona moja imeachiwa.

Meza yetu iko pembeni mwa ukumbi wa bia, chini ya mapembe ya kulungu. Juu yake inaning'inia alama ya chuma inayomwambia mgeni kwamba hiyo ni meza ya wenyeji, asiikalie. Baba yangu alikaa hapo. Sasa wakubwa wa kiwanda cha bia, ambao ndio wenye ukumbi, wakaleta meneja mpya, kijana wa Hamburg aliyevaa kaptula ya ngozi ambayo bado inanuka duka. Naye meneja akaja na sheria: meza yoyote ya wenyeji isiyo na watu wanne kengele ya kanisa ikigonga saa kumi na mbili jioni, inapewa watalii, na alama inashushwa. Alitufuata akatwambia kwa upole, kama daktari wa meno, kwamba ametuvumilia vya kutosha, Alhamisi hii ndiyo ya mwisho.

Sikushangaa. Wakubwa ndivyo walivyo. Waliifunga hospitali yetu ndogo kwa sababu haikuleta faida, mke wangu Zenzi akapakiwa kwenye gari kupelekwa ng'ambo ya mlima, akafika hana tena haja ya daktari. Tulipouliza wakasema ni mpango. Wao kila kitu ni mpango. Tangu siku hiyo nyumbani mwangu naongea na redio, nayo hainijibu, inanisomea habari za wakubwa walewale. Alhamisi ndiyo siku mtu ananiita jina langu. Wakiichukua ile meza, sijui jioni hiyo ningeipeleka wapi.

Tulitafuta wa nne. Tulimjaribu mwalimu mstaafu, akawa anasimamisha mchezo kutueleza tulichokosea. Tulimjaribu shemeji yake Wastl, akawa anachungulia. Aliyebaki ni padri, naye Alhamisi ana kwaya.

"Tumchukue yule sanamu wa mtakatifu pale mlangoni," Girgl akasema. Girgl alikuwa tarishi wa posta miaka yote na mdomo wake haujastaafu. "Hachungulii, haongei, na bia yake tunagawana."

"Nyamaza, napata njaa," Wastl akasema. Alikuwa mchinjaji, na tumbo lake hukaa mezani kabla yake.

Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwingine. Nyuma yangu, kwenye kimeza kidogo karibu na jiko la vigae, kulikuwa na bibi mmoja. Alianza kuja majira ya kuchipua, kila Alhamisi, peke yake. Mwembamba kama mpini wa ufagio, umri kama wangu, koti la sufu la kijani limefungwa vifungo mpaka shingoni. Na alikula! Alianza na supu yenye donge la maini, akaikausha. Kisha akaletewa mguu wa nguruwe wa kuoka, mzima, na madonge mawili ya viazi na kabichi chachu. Kwanza aliibandua ngozi ile iliyokauka na kupasukapasuka, akaiweka pembeni ya sahani. Akala nyama polepole, akachovya donge kwenye mchuzi wa bia, akafuta sahani ikang'aa. Ngozi akaiacha mwisho. Alipoitafuna, kishindo chake tulikisikia mezani kwetu.

"Anaiweka wapi?" Girgl akanong'ona. "Huo mguu ni mzito kumzidi mwenyewe."

"Ana meno yake," Wastl akasema kwa heshima. "Sikiliza hiyo."

Mimi sikushangazwa na meno. Nilishangazwa na vidole. Zile Alhamisi tulizowajaribu wa nne, kila nilipotupa karata, na ni mimi tu, vidole vyake viwili viligonga meza yake, tap tap, kama mtu anayetaka kusema kitu akajizuia. Nikatupa nyingine, tap tap. Kutoka pale alipokaa, karata zangu zote alikuwa anaziona.

Burgi, mhudumu wetu, alipita na magi sita za lita, tatu kila mkono.

"Burgi dada, yule mama ni nani?"

"Mteja."

"Mteja wa wapi?"

"Wa kimeza kile. Korbi, kunywa bia yako, povu linakufa."

Basi hapo ndipo nilipohisi jambo. Burgi huyu anajua nani ana kidonda cha tumbo na nani anadaiwa talaka, na hukuambia kabla hujaketi. Kwa bibi huyu peke yake kafunga mdomo. Tena nikakumbuka kwamba sijawahi kumwona akimpelekea hesabu. Bibi akimaliza, anainuka, anafunga skafu, anaondoka, na Burgi anamfungulia mlango.

"Ni jasusi," nikawaambia wenzangu. "Wametutumia jasusi aangalie tuko wangapi."

"Tuko watatu, Korbi," Girgl akasema. "Hata mbuzi angeona. Hakuna haja ya kulisha jasusi mguu mzima."

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki robo saa tu kengele igonge. Meneja alikuwa mlangoni na kundi la watalii waliovaa kofia za manyoya, anawaonyesha meza yetu kwa kidole. Nikainuka. Kama wananifukuza, angalau nimjue anayenichungulia.

"Bi mkubwa," nikamwambia, "kamwambie aliyekutuma kwamba tumeelewa."

Akaninyanyulia macho. Ya bluu, makali. "Aliyenituma ni njaa, baba. Keti, shingo inaniuma."

Sikuketi. "Njaa haigongi meza kila nikitupa karata."

"Hiyo ni hasira." Akafuta mdomo. "Alhamisi iliyopita, ulipocheza na yule mwalimu, uliishika turufu kubwa mpaka mwisho kama mtoto aliyeficha soseji mfukoni. Ikala nini? Saba! Takataka! Nilitaka kukurushia donge."

"Nilikuwa na sababu."

"Ulikuwa na woga. Mume wangu alicheza hivyohivyo. Miaka arobaini nilimgombeza jikoni, na sasa hayupo wa kumgombeza. Kule Passau tulicheza na majirani, wamekwisha wote. Hapa sijui mtu. Nakaa, nakula, naangalia mnavyoharibu."

Nilikuja kugombana na sasa nilitaka kujua jambo moja tu.

"Ukija kucheza mezani kwetu, ushindi huuachii?"

"Kwa nani? Kwa nyinyi?" Akacheka kwa pua.

Niliporudi mezani nikasema nimempata wa nne. Wastl aligeuka akamwona, akaweka figili yake chini.

"Mwanamke? Meza hii haijawahi kukaliwa na mwanamke."

"Sheria ya nani?" Girgl akauliza.

"Ya baba zetu."

"Baba zetu wako makaburini, Wastl. Saa kumi na mbili hawatakuja. Huyu anakuja, na magi yake ameshika."

Kweli alikuwa anakuja. Alivuta kiti cha Alois, akakikagua, akaketi, akavua koti. "Ottilie," akasema. Girgl aligawa, nne, tena nne. Nilizifungua zangu. Hazikuwa mbaya. Hazikuwa nzuri pia.

"Nacheza," nikasema. "Namwita Nguruwe wa Majani."

Sasa mtu asiyejua mchezo huu haelewi hali inavyokuwa. Umemwita mwenzako na hujui ni nani. Unawatazama watatu wote. Wastl alikuna sikio. Wastl hukuna sikio hata akilala. Girgl alitabasamu, na Girgl hutabasamu misibani. Bibi Ottilie alikuwa anatazama karata zake kama mtu anayesoma bei sokoni.

Alianza Wastl. Akaamua kumwinda nguruwe wangu mapema, akatupa karata ya majani. Ikaja zamu ya bibi. Akainua mkono juu ya kichwa, akaushusha, vifundo vya vidole vikagonga mbao, magi zote nne zikaruka. Nguruwe wa Majani alikuwa amelala mezani, mgongo juu ya bia iliyomwagika.

"Mama yangu!" Girgl akasema. "Yuko naye!"

Nikamwongezea kumi langu, lenye alama nyingi. Baada ya hapo sijui nieleze vipi. Nilikuwa nikifikiri karata, naye ameshaitupa. Mwishoni nilibaki na turufu kubwa, nikakumbuka soseji ya mfukoni, nikaitupa mapema, na kichwa chake kikaitikia kidogo tu. Wastl na Girgl hawakupata hata nusu ya alama walizohitaji.

"Hii si karata," Wastl akasema, anahema. "Hii ni kuchinjwa. Na mimi najua kuchinja."

Kengele ikagonga. Meneja akafika na watalii wake na tabasamu lake. "Waheshimiwa, kama tulivyokubaliana, nasikitika sana..." Akahesabu vichwa. Akakitazama kiti cha Alois, na uso ukambadilika. Akavua kofia.

"Bibi Ottilie! Samahani, sikujua uko... Nilikuwa natekeleza tu ile sheria, kama ulivyoagiza."

Watalii wakasogea kusikiliza.

"Kama nani alivyoagiza?" nikauliza.

Burgi, na trei mkononi, alisema kwa sauti ndogo, "Korbi, huyu ndiye dada wa yule mwenye kiwanda aliyefariki. Ukumbi wote ni wake. Alinikataza kusema. Alitaka ale kama watu."

Niliziweka karata chini. Nimewatafuta wakubwa miaka yote hii, nimewaandikia, nimesimama nje ya milango yao, na mmoja wao nimemwalika mezani mwenyewe, tena nimemchezea upande wake.

"Sheria ya watu wanne ni yako?"

"Ni yangu," akasema. Hakuangalia pembeni. "Kaka alikufa akaniachia ukumbi. Siku ya kwanza nikaingia hapa nikakuta meza za wenyeji, kila moja na mzee mmoja anaangalia povu lake, haongei na wa meza ya pili kwa sababu babu zao walikosana. Nikasema wakusanyane au watoke. Labda nilikosea kuwawekea kijana huyu na saa."

"Mpango," nikasema.

"Ndiyo, mpango."

"Hospitali nayo ilikuwa mpango. Baraza la mji lilikaa likaifunga, na kaka yako alikuwa na kiti humo. Mke wangu alifia njiani." Sauti yangu ilipanda, na sikuizuia. "Kaka yako alinyoosha mkono upande gani?"

Wastl alinishika mkono wa koti. Bibi Ottilie alifuta bia mezani kwa kiganja.

"Sijui," akasema. "Hakuniambia na sikumuuliza. Nikikwambia alikataa nitakuwa nakudanganya ili nikae hapa. Nataka kukaa hapa, lakini si hivyo."

Nilisimama. Koti langu lilikuwa kwenye kigingi, hatua chache tu. Nikitoka wanabaki watatu, na meneja bado kasimama na watalii wake, kofia mkononi, hajui aangalie wapi. Wastl aliniangalia.

Nilikuwa nimengoja mtu yeyote kati ya wakubwa aniambie "sijui." Waliniambia takwimu, waliniambia pole kwa maandishi ya mashine. Hakuna aliyewahi kuniambia hajui.

"Alhamisi ijayo nitakuuliza tena," nikasema. "Kaulize. Mikutano ya baraza ina kumbukumbu, na wewe watakufungulia mlango."

"Nitauliza."

"Na jibu likiwa baya utaniambia."

"Likiwa baya nitakwambia nikiwa kwenye kiti hiki."

Nikaketi. Meneja akawapeleka watalii wake karibu na choo, na Burgi akaleta magi nyingine bila kuulizwa. Wastl akanisogezea karata nigawe mimi. Nilizichanga kwa muda kuliko kawaida. Safari hii Girgl alimwita Nguruwe wa Kengele, na nilipofungua zangu nikamkuta kwangu. Kwa hiyo Ottilie alikuwa adui. Nilinyamaza, nikanywa. Alipotupa kumi lake akidhani halitaliwa, nililipiga kwa turufu, vifundo vikauma mpaka kwenye kiwiko.

Alitukana. Tusi la wapakiaji wa meli za Passau, refu, na kila neno mahali pake.

"Kuna ugomvi?" meneja akauliza kwa mbali, anakuja mbio.

"Rudi huko," Burgi akamwambia. "Wanacheza."